Siku Mdogo Wangu Aliposifu Maharagwe

Mwaka 1963 nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa darasa la pili, kwa maana kwetu mtoto wa kike alienda shule mbuzi wakishapata mchungaji mwingine. Mwaka huo ndipo taabu iliponianza. Mama alilala kitandani na hakuinuka tena. Mlimani kote watu walijua anakufa. Waliokuwa hawajui ni watatu: yeye mwenyewe, mimi, na mdogo wangu wa kike.

Nakumbuka mama akipanga mambo. Sauti ilikuwa imekwisha lakini anapanga. "Mvua ikikatika nitapalilia lile shamba la chini." Watu wazima waliomzunguka wakamwitikia, ndiyo, utapalilia. Shangazi akamwambia siku hizi ananawiri. Kunawiri! Mtu amebaki mifupa na macho. Na mama alikuwa na ugomvi na shemeji yake, ndugu wa baba, juu ya mpaka wa lile shamba. Alisema ataketi naye akipona. Hakupona. Alikufa na ule ugomvi ndani yake.

Niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Sisi Wadawida, ndio Wataita wa mlimani, tunaogopa hasira kuliko chui. Hasira ya mtu mzima ikikaa moyoni, hata kama hajasema neno, inatoka yenyewe inapiga watoto, inapiga ng'ombe, inapiga mahindi shambani. Dawa yake ni kutasa. Unachukua funda la maji mdomoni, wazee wa zamani walitumia mbangara, pombe yetu, unayapuliza nje yawe kama umande, na unasema kwa sauti: hasira yangu hii naitoa, fulani awe na amani, avune, alale usingizi. Sharti ni moja. Usipulize kama bado umekasirika. Maji ya uongo ni mabaya kuliko kukataa. Na mtu anayekufa ndiye anayetakiwa kutasa kuliko wote, maana akishafukiwa, nani atakwenda kumbembeleza?

Mama hakutasa kwa sababu hakujua kwamba wakati umefika. Walimnyima nafasi hiyo, halafu sisi watoto ndio tukabebeshwa mzigo. Ng'ombe akitupa mimba, ni ile hasira ya mama yenu. Mimi nikitolewa shule, ni ile hasira. Mdogo wangu alikuwa na kigugumizi, na hicho pia kikawekwa kwenye kaburi la mama.

Tulipokuwa wasichana wa kubeba kuni, siku moja nilimwambia, "Wewe, mimi nikienda kufa na wewe umejua, uniambie. Usininawirishe."

Akasema, "Na mimi u-uniambie."

Tukaenda kwenye jiwe la mama la kusagia, tukalitemea mate sote wawili, tukayapaka kwa kidole. Hakuna aliyetufundisha kiapo hicho. Tulikibuni wenyewe. Lakini mimi nilikishika maisha yangu yote, na nilidhani naye amekishika.

Baadaye kila mmoja akaenda njia yake. Yeye alibaki mlimani, akaolewa, kigugumizi kikaisha, akawa kiongozi wa akina mama kanisani, mtu wa kusimama mbele na kuomba mpaka watu wanasinzia. Mimi niliteremka bondeni. Nilikata mkonge mpaka miiba ikazoea mikono yangu. Kisha nikafika Maungu, pale malori ya Mombasa yanapopumzika, nikaweka mawe matatu na sufuria moja kando ya barabara. Sikupewa na mtu. Yale mawe matatu yakawa kibanda, kibanda kikawa hoteli ya mabati yenye benchi pande zote. Mume wangu alikuwa mtu mpole, alikufa mapema, akazikwa nyumbani mlimani. Mwanangu wa pekee nilimlea chini ya meza ya chapati na leo anakaa ofisini Voi, anavaa tai.

Kwa hiyo kifo hakinitishi. Sijigambi, nasema nilivyoona. Dereva anakula kwangu ugali na maharagwe, ananitania, anasema "Mama, nikirudi niwekee chai", na kabla sijaosha sahani yake habari inafika kwamba lori limelala mtaroni huko mbele. Nimeosha sahani nyingi za namna hiyo. Nilikuwa nikimwambia Mungu, mimi zamu yangu ikifika nijulishe tu, nifunge hoteli vizuri.

Mdogo wangu alikuwa anateremka kila Jumamosi kuniona, analeta kabichi na maparachichi. Na kila Jumamosi anakula maharagwe yangu na kila Jumamosi anayatukana. Miaka yote hiyo! Leo yana mafuta mengi. Leo hayakuiva. Leo yameiva mpaka yamekuwa uji wa mgonjwa. "Dada, hawa madereva wanakula kwako kwa sababu hawana mama." Mimi namjibu, "Na wewe unakula kwa sababu gani?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mwaka jana nilianza kuumwa tumboni upande wa kulia na chakula kikaanza kuninukia vibaya. Mwanangu alinipeleka kwa daktari mmoja Voi. Nikapimwa, nikaambiwa nikae nje kwenye benchi, wao wakabaki ndani. Mwanangu alipotoka alisema, "Ni vidonda vya tumbo tu, Mama. Acha pilipili, acha maharagwe." Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi. Voi vumbi lipo, sikubishana naye.

Kuanzia hapo dunia ikawa nzuri kupita kiasi. Mwanangu, ambaye siku zote alikuwa anagombana nami nifunge hoteli nikapumzike, akaacha kugombana. Nikisema neno, "Sawa, Mama." Alijenga choo kipya kule nyumbani mlimani, choo kikubwa cha milango miwili. Akapaka nyumba rangi ya kijani. Akatengenezesha njia ya kuingilia gari mpaka uani. Nikamuuliza, "Milango miwili ya nini, na mimi ni mtu mmoja?"

"Ni maendeleo, Mama."

Kwetu mtu hajengi choo cha milango miwili na kulainisha njia ya magari ila anangoja wageni wengi kwa siku moja. Nililijua hilo. Nilijua na nikakataa kulijua. Nilisema moyoni, lingekuwa ni lile, mdogo wangu angeniambia. Huo ndio ulikuwa mto wangu wa kulalia.

Basi ikaja Jumamosi moja, saa za mchana, hoteli imejaa. Mimi nilikuwa napika bila kuonja kwa sababu ya kichefuchefu. Dereva mmoja wa siku nyingi akasukuma sahani yake. "Mama, leo chumvi imeshukia wapi? Imebaki Voi?" Taniboi wake, yule msaidizi wa lori, akadakia, "Na hili jiwe, tunalipia au ni nyongeza?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikawaambia wafunge midomo wale.

Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni, sahani mbele yake. Nikamgeukia nikingoja matusi yangu. Nilikuwa nayahitaji, kwa kweli.

Akameza. Akanitazama kwa macho laini kama anatazama mtoto mchanga. Akasema, "Dada, maharagwe leo ni matamu sana."

Yule dereva alitazama sahani yake, akamtazama mdogo wangu, akatazama sahani tena.

Na mimi nikajua kwamba ninakufa.

Niliosha vyombo. Jumatatu nilipanda gari nikaenda Voi peke yangu, nikaketi mbele ya yule daktari na kumwambia, "Kijana, mimi nimezika mume, nimezika mama. Hiki kilicho tumboni ni nini?" Akapekua makaratasi yake, akauliza kama nimekuja na mtu. Nikamwambia nimekuja na mimi mwenyewe, ndiye mwenye tumbo.

Akashusha pumzi. "Ni saratani, Mama, iko kwenye ini. Imeenea. Hatuwezi kuikata. Niliwaeleza mwanao na dada yako. Walisema watakwambia taratibu."

"Dada yangu alikuwa hapa?"

"Alikuja baadaye na mwanao. Aliuliza maswali mazuri sana."

Maswali mazuri. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua la Voi, lile linalochoma utosi, na mtanisamehe, sikulia kwa sababu ya saratani. Niliwaza juu ya jiwe la kusagia. Niliwaza Jumamosi zote hizo, yeye anashuka garini na kabichi zake, anajua, ananitazama ninavyopanga kununua mabati mapya, na anasema ndiyo, dada, utanunua. Ananinawirisha.

Alipokuja tena nilikuwa namngoja mlangoni. Sikumpa kiti.

"Umejua tangu lini?"

Akaweka kapu chini. Hakujifanya hajaelewa, nampa sifa hiyo. "Kabla ya Pasaka."

"Na lile jiwe la mama?"

Akatazama kapu lake.

"Nakuuliza, mtoto wa mama. Lile jiwe?"

"Mwanao alinisihi, dada. Alisema ukijua utakata tamaa ufe mapema. Nika-nikaomba, nikaona..." Kigugumizi kilirudi. Miaka mingapi nilikuwa sijakisikia. Lakini hakikunilainisha.

"Uliona nini? Mimi ni nani wa kukata tamaa? Chukua kabichi zako uende."

Akaenda. Kabichi alizisahau. Niliwagawia watu.

Sikukaa Maungu muda mrefu baada ya hapo, nguvu zilikuwa zinaisha. Hoteli nilimwachia yule mama aliyekuwa akinikandia chapati, nikamfundisha maharagwe yangu, ingawa alikuwa anayajua. Nikazunguka kila benchi nikiligusa. Madereva wangu walikuja kuniaga, wanaume wazima na matumbo yao, mmoja akawa analia kama spika mbovu. Nikamwambia, "Wewe nenda polepole kule kwenye kona, usije ukanitangulia nikakukuta mlangoni." Akacheka na kamasi.

Kisha nikapanda nyumbani, kwenye nyumba ya kijani.

Nitasema kweli juu ya siku zile, maana watu wananiuliza. Kufa kwenyewe hakukuwa na uzito niliotegemea. Asubuhi nabebewa kiti nje, ukungu unapanda kutoka bondeni unafunika migomba halafu unafunua, unafunika, unafunua, na moyo wangu unakaa. Nilichagua mwenyewe pa kulala, ubavuni kwa mume wangu, upande usio na mizizi. Nilichagua gauni. Nilisema na Mungu bila maneno mengi, kama watu wawili waliofanya kazi pamoja muda mrefu wanavyokaa jioni. Nilimwambia nimeshiba. Sikuwa na deni la kumuuliza kwa nini.

Mwanangu alikuja akapiga magoti. Huyo hakunipa shida. Mtoto anayeogopa kubaki bila mama ni mtoto, hata avae tai. Nilimtasia siku hiyohiyo, maji yakatoka mepesi, nikaona mabega yake yanashuka.

Lakini mdogo wangu! Kila nikituliza moyo, naye yumo humo ndani, anatafuna maharagwe, ananidanganya. Mchungaji alikuja kuniombea. Akasema, "Mama, kubali mapenzi ya Mungu." Nikamwambia, "Mchungaji, mapenzi ya Mungu niliyakubali zamani. Ya mdogo wangu ndiyo yamenishinda." Akafungua Biblia kutafuta mstari wa hilo.

Na nilikuwa naogopa. Hilo ndilo lililoniogopesha, si kaburi. Kwamba nitakufa kama mama, na hasira ndani, na watu watasema: yule mwana wake, yule dada yake, wanapigwa na hasira ya marehemu. Nilikuwa ninajua kitu ambacho mama hakukijua, nimepewa muda ambao yeye alinyimwa, na bado sikuweza kuufanyia kazi. Nilijaribu peke yangu. Ninaweka maji mdomoni, nasubiri, moyo unakataa, nayameza. Nilimeza maji mengi kipindi hicho.

Halafu akaja. Mchana, jua kali, amevaa gauni lake la kanisa, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili asimwage. Alikuwa ameteka maji kwenye chemchemi ya zamani kule chini, ile mama alikokuwa akitutuma. Njia ya kule ni ya mbuzi, na yeye magoti yake ni mabovu. Akasimama mbele yangu.

"Dada, nitasie."

Lazima mjue kwamba huyu ndiye mtu aliyesimama kanisani mara nyingi akisema kutasa ni mambo ya giza, watu waache. Nikamuuliza, "Na kanisa je?"

"Kanisa halipo hapa. Tuko mimi na wewe."

"Jumapili utaungama?"

"Dada, nimekuja kutaniwa au nimekuja kutasiwa?"

Nikachukua kikombe. Nikatia funda mdomoni. Yalikuwa baridi, yana ladha ile ya majani. Nikafumba macho nikatafuta moyo wangu, nikaukuta umekaa palepale, umekunja uso. Sikuweza kupuliza. Na kumeza mbele yake sikutaka, angeona nimekataa. Nikabaki hivyo, mashavu yamejaa, kama panya aliyeiba karanga.

Yeye akangoja. Akaona jinsi mambo yalivyo. Akaketi chini kwenye udongo na gauni lake la kanisa, akaanza kusema akitazama miguu yangu.

"Kila Jumamosi kwenye gari nilikuwa nayapanga yale maneno. Nikifika nakukuta umefunga leso kiunoni unagombana na dereva, nasema, acha leo, wiki ijayo. Si kwa sababu ya mwanao. Mwanao ni kisingizio. Nilitaka nikukute unagombana mara moja tena. Mara moja tena. Basi. Nilikuibia, dada. Nilikula Jumamosi zako."

Mimi nimebana maji.

"Na yale maharagwe," akasema.

Nikamtazama.

"Yale maharagwe hayakuwa na chumvi hata kidogo. Yalikuwa na mawe. Nilimeza jiwe, dada, nikasema ni matamu. Tangu nizaliwe si-sijala kitu kibaya vile. Mbwa angekushitaki."

Maji yalinitoka yote. Yalimpata usoni, kifuani, kwenye gauni la kanisa, mengine yakanipitia puani. Nilicheka mpaka ubavu ule wenye ugonjwa ukanichoma kama mwiko wa moto, nami sikuweza kuacha, naye anajifuta anacheka, analia, sijui lipi. Jirani alichungulia kwenye ua akidhani nimekata roho.

Alipopata pumzi akauliza, "Hiyo ndiyo kutasa?"

"Hiyo ni kupaliwa. Lete kikombe."

Lakini kabla sijanywa nilimwambia, "Sema ulichonifanyia."

Akasema, "Nilikusaliti."

"Tena."

"Nilikusaliti, dada."

Ndiyo. Alinisaliti, na sitaandika hapa kwamba alifanya vizuri kwa kuwa alinipenda. Walionizunguka mama yangu nao walimpenda. Nilichukua funda la pili, nikapuliza likawa umande sawasawa, nikasema: hasira yangu niliyokuwa nayo kwako, mtoto wa mama, naitoa, iende na ukungu huu, ulale, magoti yako yapone, wajukuu wako wasitupiwe neno kwa ajili yangu. Kilichobaki kwenye kikombe nilikigeuzia upande wa lile shamba la chini, nikapuliza kwa niaba ya mama. Sijui kama mtu anaweza kumtasia marehemu. Wazee wangekataa. Nilipuliza.

Usiku huo nililala. Asubuhi nilipoamka niliitafuta ile hasira, nikakuta kipande kidogo kimebaki, kama kijiwe kwenye maharagwe. Kimebaki mpaka leo. Kwa kutasa niliitoa ile kubwa. Hicho kidogo nitakufa nacho, na nadhani hakitamdhuru mtu.

Sasa yeye analala huku kwangu na ndiye anayepika. Mimi kula siwezi, nalamba tu mchuzi na kumwambia ukweli wake, kwamba umeungua, kwamba madereva wangeuchoma moto mji. Naye ananiambia ukweli wangu. Jana aliniambia, "Dada, leo miguu imevimba zaidi. Nadhani si mbali." Nikamwambia ahsante.

Leo nilicho nacho ni hiki. Nyumba moja, rangi ya kijani ambayo sikuichagua. Choo cha milango miwili, nimekitumia mimi kabla ya wageni, milango yote miwili. Ng'ombe mmoja na ndama wake. Lile shamba la chini, limepaliliwa. Leso nne na gauni la kuzikiwa. Biblia yenye herufi kubwa. Sufuria ya kwanza ya Maungu, haina kifuniko. Jiwe la mama la kusagia. Mwana mmoja. Mdogo wangu mmoja, hajui kupika.